Nasibu si holela: jibu kwa mwanafunzi mwenye madodoso 118 ya bodaboda

"Shikamoo mwalimu. Ninasoma saikolojia mwaka wa tatu, hapa Moshi. Utafiti wangu ni kuhusu msongo wa mawazo na usingizi kwa madereva wa bodaboda wa manispaa. Viongozi wao wanakadiria wako kama 1,200. Nikapiga fomula ya Yamane, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, nikapata 300. Nilitengeneza fomu ya Google nikaituma kwenye magrupu mawili ya WhatsApp ya bodaboda, na mjomba wangu ambaye ni mwenyekiti wa kijiwe akawahimiza vijana wake wajaze (kibali cha kamati ya maadili kilikuwa hakijatoka, lakini muda ulikuwa unanikimbia). Sasa nina watu 118. Msimamizi amesema sampuli yangu haiwakilishi, nitumie sampuli nasibu. Mwenzangu ananiambia niandike tu kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, kwamba ni nasibu, kwa kuwa kweli sikumchagua mtu, aliyetaka alijaza. Nimebakiza wiki tisa. Je, niendelee kuongeza watu mpaka wafike 300?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na naona ni maswali matatu yaliyobebana mgongoni. Moja ni la idadi, la pili ni la neno "nasibu", na la tatu hukuliuliza, ulilifungia kwenye mabano ukapita. Hilo la mabano tutalifikia. Naanza na neno, kwa sababu hapo ndipo mwenzako amekupoteza, na nimesahihisha sura za tatu nyingi mno zenye kosa hilo hilo.

Mwenzako anadhani nasibu maana yake ni kutochagua: umesimama njiani, aliyepita amepita, aliyejaza amejaza. Hiyo ni holela. Lugha yenyewe inatutega hapa, maana tumezoea kusema jambo limetokea kwa nasibu tukiwa na maana kwamba limetokea tu. Lakini itazame bahati nasibu inavyochezeshwa. Tiketi zote zimo ndani ya pipa, zimehesabiwa, zimechanganywa, na anayechomoa hajui anachomoa ipi. Tiketi iliyosahauliwa nyumbani kwenye droo haishiriki hata pipa lizungushwe mpaka jioni. Sampuli nasibu ni hivyo: kila mlengwa ana nafasi ya kuchaguliwa, nafasi hiyo inajulikana na si sifuri, na anayeamua ni kura, si wewe wala mhojiwa. Ulichofanya wewe ni kuweka tangazo mlangoni na kupokea waliokuja. Kina jina lake, sampuli ya urahisi, na kwa kuwa watu walijileta wenyewe ni sampuli ya kujitolea vilevile. Watafiti wengi huitumia na kuitaja wazi. Kuiita nasibu ni kudanganya, na mtahini aliyeamka vizuri atakuuliza swali moja tu, "Orodha uliyochomolea majina iko wapi?", na hapo utetezi wako utakuwa umekwisha.

Sasa idadi. Unauliza kama ukifika 300 tatizo litaondoka. Kwa kuwa uko Moshi, nitakupeleka Mbuyuni kwenye magunia ya maharage. Mnunuzi mzoefu hachoti kiganja cha juu, maana anajua muuzaji amepanga yaliyo safi juu. Anachukua bambo, anachoma gunia ubavuni, katikati na chini, anatazama kinachotoka. Kahawa nayo, kabla ya kwenda mnadani, huchukuliwa sampuli ikakaangwa na kuonjwa, na bei hufuata sampuli hiyo. Hakuna mnunuzi mwenye akili zake atakayesema, "Sina bambo, lakini nitachota viganja vingi zaidi vya juu." Wewe ndicho unachotaka kufanya.

Nikuwekee kwa hesabu, na hesabu hii nimeitunga kwa ajili ya mfano tu. Tuseme mji una madereva 1,000. Mia nne wana simu janja na wamo kwenye magrupu. Kati yao 80 wana msongo mkali, yaani asilimia 20. Mia sita wanatumia vitochi. Kati yao 240 wana msongo mkali, asilimia 40. Ukweli wa mji mzima ni watu 320 kati ya 1,000, asilimia 32. Haya, pitia kwenye magrupu. Ukipata watu 50 utaona asilimia inayochezacheza karibu na 20. Ukipata 118 kuchezacheza kutapungua, lakini itabaki karibu na hapo hapo. Ukiwapata wote mia nne utapata 20 kamili, na utasimama mbele ya jopo ukiwa na uhakika kuliko wakati wowote, na jibu lisilo sahihi mkononi. Wingi wa watu unapunguza kuyumba kwa jibu. Mwegemeo, yaani jibu kulalia upande mmoja kwa sababu ya mlango walioingilia watu, hauponi kwa wingi.

Hili lilishawaumbua wakubwa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilisambaza kadi za maoni zipatazo milioni 10 kuhusu uchaguzi wa rais, zikarudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na daftari za wenye magari, katikati ya mdororo wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na wasiorudisha. George Gallup, mpima maoni mwingine, kwa sampuli iliyokuwa ndogo mno ukiilinganisha na ile, alimtaja mshindi. Kitabu cha simu cha 1936 na grupu lako la WhatsApp ni ndugu wa tumbo moja.

Basi jiulize ni nani hayumo kwenye wale 118. Mwenye kitochi hayumo. Wa zamu ya usiku, ambaye ukituma fomu saa nne asubuhi yeye ndiyo kwanza amelala, huenda hayumo, na utafiti wako unahusu usingizi! Deiwaka hayumo: yule kijana asiye na pikipiki yake wala mkataba, anayeazimwa chombo mwenyewe akipumzika, na jioni anatakiwa kupeleka hesabu hata kama mvua imenyesha kutwa. Ningekuwa mtu wa kubeti, ningesema msongo mkubwa uko kwake, na jina lake halimo kwenye grupu wala kwenye daftari la kijiwe. Hayumo aliyevunjika mguu mwezi uliopita na sasa yuko kwao Rombo. Hayumo aliyeacha kazi kwa sababu ilimshinda. Hao wawili wa mwisho ni wagumu kuwapata kwa njia yoyote ile. Wanaobaki kijiweni ni wale ambao kazi haijawashinda bado, kwa hiyo hata sampuli nzuri kabisa itakuonyesha msongo wa waliobaki. Andika hivyo hivyo kwenye mipaka ya utafiti, usione haya.

Na hata miongoni mwa waliopata fomu, waliojaza ni watu wa namna gani? Hapa saikolojia ina la kusema kuhusu yenyewe. Abraham Maslow, huyu huyu wa ngazi ya mahitaji mnayemkariri, mwaka 1952 yeye na mwenzake Sakoda waliwalinganisha wanafunzi waliojitolea kuhojiwa katika utafiti wa Kinsey kuhusu mambo ya kujamiiana na wale ambao hawakujitolea. Waliojitolea walikuwa na hali ya kujithamini ya juu zaidi. Maana yake ni kwamba jambo unalotaka kulipima laweza kuwa ndilo linaloamua nani aje kupimwa. Kwako wewe, mwenye msongo mzito huenda hana nguvu ya kujaza fomu ya maswali thelathini. Au ni kinyume chake: huenda ndiye pekee aliyejaza, kwa kuwa hatimaye kuna mtu amemuuliza anaendeleaje. Jibu lako laweza kuwa chini ya ukweli au juu yake, na kwa data ulizonazo hakuna wa kukuambia ni lipi.

Nami yamenikuta. Nikiwa kijana kama wewe nilifanya utafiti wa sonona katika kijiji kimoja upande wa Kibosho, nyumba kwa nyumba, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Nilirudi na matokeo ya kutisha, karibu kijiji kizima kimekata tamaa. Mzee mmoja aliyenikaribisha mbege ndiye aliyenizindua. Aliniuliza, "Sasa wewe saa hizo ulikuta nani nyumbani?" Nilikuwa nimewahoji bibi waliobaki peke yao na watu waliokuwa wagonjwa. Wazima wote walikuwa shambani, sokoni au mjini. Dodoso langu halikuwa na kosa hata moja. Saa niliyobisha hodi ndiyo iliyoharibu.

Nakwambia haya usije ukadhani umefanya jambo la aibu lisilo na mfano. Taaluma yetu nzima imekula sana sampuli za urahisi. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walichapisha makala iliyotikisa watu, wakionyesha kwamba kwenye majarida makubwa ya saikolojia yaliyokuwa yamechunguzwa, asilimia 96 ya washiriki walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo waliokuwa karibu na mhadhiri. Halafu matokeo yakaandikwa kana kwamba ni ya "binadamu". Kwa hiyo dereva wa Pasua kuingia kwenye utafiti ni jambo jema kwa sayansi yenyewe. Ila tusirudie kosa lile lile kwa kipimo chetu, la kumhoji aliye karibu na mjomba kisha kuandika "madereva wa Moshi".

Tufanye nini basi? Msimamizi wako yuko sahihi kwamba sampuli haiwakilishi. Ila kama alimaanisha sampuli nasibu rahisi, ya kuchomoa majina kwenye orodha moja ya madereva wote, amekuagiza kitu ambacho huenda hakipatikani. Uliza kwanza. Nenda kwa uongozi wa chama cha bodaboda na kwa manispaa, ukaone kama wana orodha, ni ya lini, na nani hayumo. Orodha iliyochakaa itakurudisha kule kule kwenye tiketi zilizosahauliwa kwenye droo.

Bahati nzuri bodaboda wana kitu ambacho makundi mengi hayana: vijiwe. Dereva anaweza asiwe kwenye orodha yoyote ya mji, lakini kijiwe chake kinamjua. Kwa hiyo badala ya kuorodhesha watu, orodhesha vijiwe, kisha watu wa vijiwe vile tu vitakavyotoka kwenye kura. Hii inaitwa sampuli ya vishada, ya hatua mbili. Tafiti kubwa za afya za kaya nchini hufanya jambo la namna hiyo, zikichomoa kwanza maeneo ya kuhesabia watu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, halafu kaya ndani ya kila eneo lililochomolewa.

Siku mbili za mwanzo panda pikipiki na dereva anayeujua mji, mkaandike kila kijiwe: stendi kuu, masokoni, lango la hospitali ya KCMC, Kiboriloni, Rau, Majengo, Soweto, Pasua, mpaka kile cha watu wanne chini ya mwembe. Kila kijiwe uliza wako wangapi kwa makadirio. Ukiona vijiwe vya katikati ya mji vina maisha tofauti na vya mitaani (abiria tofauti, saa tofauti za kazi, ushindani tofauti), vigawe kwenye matabaka mawili au matatu kabla ya kupiga kura, ili kila tabaka lipate sehemu yake. Kura yenyewe si lazima iwe ya kompyuta. Karatasi zinazolingana, zikakunjwa vizuri na kuchanganywa kwenye ndoo mbele ya shahidi, zinatosha.

Hapa kuna mtego ambao hata wenye shahada za juu hunasa. Tuseme kura imetoa kijiwe cha watu 8 na kijiwe cha watu 40, nawe ukachukua wanne wanne. Wa kijiwe kidogo kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 2; wa kikubwa, nafasi 1 kati ya 10. Sampuli yako itajaa watu wa vijiwe vidogo kuliko mji ulivyo. Njia nyepesi ya kulikwepa ni kuchukua sehemu ileile kila mahali badala ya idadi ileile. Kama umepata vijiwe 80 vyenye wastani wa watu 15, piga kura ya vijiwe 32, halafu ndani ya kila kimoja chukua theluthi moja kwa kura. Utapata watu kama 160, na kila dereva mjini, awe wa stendi au wa chini ya mwembe, alikuwa na nafasi 2 kati ya 15.

Ndani ya kijiwe usimchukue aliyekaa. Kijana unayemkuta saa tano asubuhi ameegemea pikipiki anachezea simu ndiye aliyekosa abiria; mwenye wateja wake yuko njiani. Keti na wawili watatu mwandike wote wa kijiwe hicho, wa mchana na wa usiku, pamoja na kila deiwaka aliyeendesha wiki hiyo. Piga kura juu ya orodha hiyo. Kisha watafute waliotoka, hao hao, hata ikibidi kurudi mara tatu kwa saa tofauti. Usiku usiende peke yako. Na ukimkosa Juma, usimweke Hamisi kwa sababu tu yuko karibu. Hapo unarudisha holela kwa mlango wa uani. Andika kwamba Juma hakupatikana. Waliokataa nao wahesabu, na kama mtu yuko radhi kukwambia sababu, iandike. Wengi watadhani umetumwa na trafiki au TRA, kwa hiyo barua ya utambulisho itangulie, na kitambulisho cha chuo kikae shingoni.

Turudi kwenye ile 300. Fomula ya Taro Yamane imekuwa kama chumvi kwenye tasnifu zetu, inanyunyizwa kila mahali. Kwa walengwa 1,200 na kosa la asilimia 5 hesabu yako ni sahihi: 1,200 gawanya kwa 4 (yaani 1 jumlisha 1,200 mara 0.05 mara 0.05) ni 300. Lakini fomula ile inachukulia kwamba umefanya sampuli nasibu rahisi na unataka kukadiria asilimia moja ya kundi zima. Haina uwezo wa kuitakasa sampuli iliyopatikana kwa njia nyingine. Namba 300 iliyotoka kwenye magrupu ya WhatsApp haina uhusiano wowote na ile asilimia 5.

Kwenye vishada kuna jambo jingine. Watu wa kijiwe kimoja hufanana: barabara moja, abiria wale wale, pengine hata tajiri mmoja mwenye pikipiki. Mtu wa kumi wa kijiwe kile kile anakupa habari mpya kidogo kuliko wa kwanza. Wanatakwimu hukadiria hasara hiyo kwa kuchukua moja, kisha kujumlisha idadi ya watu kwa kijiwe kasoro mmoja, mara kiwango cha kufanana kwao (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa). Ukichukua watano watano na kufanana kuwe 0.05, unapata 1.2, watu wako 160 wana uzito wa kama 133 waliochaguliwa mmoja mmoja. Ungechukua hao hao 160 kwenye vijiwe 16, kumi kumi, ungepata 1.45, na uzito ungeshuka mpaka kama 110. Kwa hiyo miguu ichoke. Vijiwe vingi, watu wachache kila kimoja. Kwa mpango wa kwanza, asilimia utakayotoa itakuwa na kosa la kama 8 juu au chini. Ni pana kuliko 5 uliyoitamani, lakini ni kosa unaloweza kulisema bila kigugumizi, na lile la WhatsApp huwezi hata kulikadiria.

Tena, kama kiini cha utafiti wako ni uhusiano kati ya usingizi na msongo, au tofauti kati ya wa mchana na wa usiku, Yamane hakuhusu hata kidogo. Kwa uhusiano wa nguvu ya kati, wa 0.3 (1 ukiwa uhusiano kamili), majedwali ya Jacob Cohen, mwanasaikolojia wa takwimu, yanahitaji watu kama 85 ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuuona. Kulinganisha makundi mawili yenye tofauti ya ukubwa wa kati kunahitaji 64 kila upande. Ongeza kidogo kwa ajili ya vishada. Ona kwamba 160 zinakutosha, ukiwa na wa usiku wa kutosha. Kama ni wachache sana, wafanye tabaka lao na uchukue sehemu kubwa zaidi kwao, kisha uirekebishe kwa uzito wakati wa uchambuzi. Hilo usilifanye bila mtu wa takwimu pembeni.

Njia nyingine nazitaja kwa kupita. Sampuli ya mnyororo, mmoja kukupeleka kwa mwenzake, ni ya watu waliojificha, kwa mfano madereva walioacha kazi baada ya ajali. Sampuli kusudi ni ya mahojiano ya kina, pale unapotaka simulizi na hutaki asilimia. Na usichanganye kuchagua kwa nasibu na kugawa kwa nasibu: la pili ni la majaribio, unapopiga kura nani apate mafunzo ya kupumua na nani asubiri. Wewe hufanyi jaribio.

Sasa mabano yako. Umekusanya taarifa za afya ya akili za watu 118 kabla ya kibali. Najua muda ulikukimbia. Najua pia kwamba wenzako wengi hufanya hivyo na kurekebisha tarehe. Usifanye. Kamati za maadili kwa kawaida hazitoi kibali cha kurudi nyuma, na haziko pale kwa ajili ya mihuri. Jiweke mahali pa kijana wa kijiwe cha mjomba wako. Mwenyekiti ndiye anayepanga zamu, anayesuluhisha ugomvi, anayemdhamini kwa tajiri. Mwenyekiti huyo anasema, "Mpwa wangu ana fomu, jazeni." Huyo kijana anaweza kukataa? Na akijaza, ataandika kweli kwamba halali usiku kwa mawazo, wakati hajui nani atasoma? Hapo umepoteza hiari yake na ukweli wake kwa pamoja.

Funga ile fomu leo. Nenda kwa msimamizi, umwambie tarehe zote kama zilivyo, na muiandikie kamati ya chuo pamoja. Uamuzi wa zile 118 uwe wao. Mimi nisingezitumia, wala nisingezichanganya na mpya hata kama ningeruhusiwa. Wiki tisa ni chache, na kibali kinaweza kula tatu au zaidi. Ikitokea hivyo, punguza ukubwa: badala ya manispaa nzima, chukua kata nne au tano kwa kura, vijiwe vyake vyote, na kichwa cha utafiti kiseme hivyo. Hata ukilazimika kubaki na sampuli ya urahisi yenye kibali, tasnifu ya shahada ya kwanza haifi kwa hilo. Utasema, "miongoni mwa madereva waliohojiwa", utaangalia uhusiano wa usingizi na msongo ndani yao, na hutatoa asilimia ya mji.

Jambo moja halisubiri kibali wala wiki tisa. Ukitumia kipimo kama PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, swali la tisa linamuuliza mtu kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa na mawazo kwamba afadhali afe au ajidhuru. Kati ya watu 160 si ajabu mmoja akajibu ndiyo, akiwa amekaa juu ya pikipiki mbele yako. Kabla hujatoka uwe umeshazungumza na kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya KCMC au ya Mawenzi, una jina la wa kumpokea, na unajua nani atamsindikiza siku hiyo hiyo. Siri yake uilinde hasa, maana kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni yetu ya Adhabu, na watu wanalijua hilo wanapoamua wakuambie au wanyamaze. Kama fomu yako ya WhatsApp ilikuwa na swali la namna hiyo, fungua majibu leo na msimamizi akiwa pembeni. Kama kuna aliyejibu ndiyo na anaweza kupatikana, atafutwe kesho asubuhi na mtu mwenye ujuzi, si wewe peke yako.

Kwa hayo mengine, tafuta mwanatakwimu wa chuoni umwone ana kwa ana kabla ya kupiga kura ya vijiwe. Baada ya data kukusanywa, atakachoweza ni kukueleza tu ulipokosea. Mpelekee orodha ya vijiwe na namba zake. Nusu saa inatosha.

Na mjomba mshukuru, amekusaidia kwa nia njema. Kijiwe chake kiandike kwenye karatasi kama vijiwe vingine na kiingie kwenye ndoo. Kisipotoka, muage. Kikitoka, mtume mwenzako akahoji pale, yule yule aliyekushauri uandike nasibu, na mjomba aombwe akanywe chai ng'ambo ya barabara mpaka kazi iishe.